Kusikiliza muziki ili mwili utulie: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ninayopokea kuhusu muziki wa kutuliza yanafanana sana. Nisikilize wimbo gani? Mbona naweka muziki wa polepole na moyo bado unaenda mbio? Lazima ninunue hedifoni za bei kubwa? Nimekuwa nikiyajibu moja moja. Hapa nayaweka pamoja kwa mpangilio wa kufuata, ili anayetaka kuanza leo usiku aanze leo usiku.

Nianze na sababu inayowaangusha wengi. Mtu ametoka kugombana kazini, taya zimebana na mabega yamepanda. Anafika nyumbani, anaweka piano laini ya polepole, na baada ya dakika mbili anaizima kwa hasira. Anasema muziki haumsaidii. Muziki hauna kosa, ila alianzia mahali ambapo yeye hakuwepo. Aliye ghorofa ya nne hafiki chini kwa kuruka dirishani, anashuka ngazi. Unaanza na muziki unaolingana na hali uliyonayo, halafu unaubadilisha kidogo kidogo nawe unashuka nao. Njia hii ilielezwa miaka ya 1940 na daktari wa magonjwa ya akili Ira Altshuler, aliyefanya kazi katika hospitali ya Eloise, Michigan, Marekani, na mpaka leo wataalamu wa tiba ya muziki wanaitumia. Mwongozo huu wote umesimama juu yake.

Kinachotokea mwilini, kwa ufupi

Neva zinazoendesha mambo usiyoyaamuru, kama mapigo ya moyo, jasho na usagaji wa chakula, zina pande mbili. Upande mmoja unakuandaa kupambana au kukimbia. Mwingine unakupumzisha, na unategemea sana neva ndefu iitwayo vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Moyo huwezi kuuambia upunguze mwendo ukakutii. Pumzi unaweza kuiongoza, na pumzi ina tabia ya kufuata mdundo unaousikia. Unapovuta hewa moyo huongeza kasi kidogo, unapoitoa hupunguza. Ndiyo maana huko mbele nitasisitiza kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta.

Nadharia inatosha hapo.

Nani awe mwangalifu kwanza

Ukiwa na kifafa, muulize daktari wako kabla ya kuanza, kwa sababu wapo watu wachache ambao kifafa chao huchochewa na muziki. Ukiwa unasikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, usivae hedifoni. Tumia spika ya wazi, na mweleze anayekutibu unachofanya.

Ukiwa umepitia jambo zito, vita, ajali, kubakwa, au msiba wa ghafla, chagua muziki usio na kumbukumbu yoyote kwako, hata kama si mzuri kama ule unaoupenda. Wimbo uliokuwa ukipigwa siku ile unaweza kukurudisha palepale kwa sekunde chache.

Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au tayani, kushindwa kupumua, au kuzimia si mambo ya muziki. Nenda hospitali. Na kama unatumia dawa za presha, wasiwasi au usingizi, endelea nazo kama ulivyoandikiwa.

Zoezi hili usilifanye ukiwa unaendesha gari au pikipiki, wala ukiwa abiria wa bodaboda na masikio yamezibwa.

Vitu vya kuandaa

- Simu au redio ndogo ya kuchomeka flashi, yenye nyimbo zilizokwisha kupakuliwa.
- Spika ndogo, au hedifoni, au zile spika za kuchomeka masikioni. Za bei ya kawaida zinafaa, mradi zisikike pande zote mbili na zisikwaruze.
- Saa inayoonyesha sekunde.
- Daftari na kalamu. Wengi wanaliruka hili, kisha baada ya wiki hawajui kama wanaendelea au wamesimama.
- Kanga au kitambaa cha kufunika macho.
- Dakika 30 hivi na mahali ambapo hakuna atakayekuita.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Mnaoishi chumba kimoja na watoto mnajua. Wapo wanaoamka kabla ya wengine, na wapo wanaokaa ndani ya gari lililoegeshwa kabla ya kuingia nyumbani. Ukikosa kabisa, waambie wa nyumbani waziwazi: “Nipeni mpaka saa tatu kasorobo, kisha niko nanyi.” Usijifiche, maana ukijificha utakuwa unasikiliza nyayo mlangoni badala ya muziki.

Saa moja kabla usinywe kahawa, chai ya rangi iliyokolea, wala vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu.

Hatua ya 1: Jua uko wapi

Kaa kimya dakika moja. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Andika namba hiyo. Kisha jipe alama ya wasiwasi kuanzia 0 hadi 10, na uandike neno moja kuhusu mahali panapobana: shingo, tumbo, taya.

Sasa amua kama uko *juu* au uko *chini*. Juu ni moyo kwenda mbio, kushtuka ovyo, mawazo yanayokimbizana, mguu usiotulia. Chini ni mwili mzito, ganzi, kutotaka kuongea, kukodolea ukuta. Watu wanasahau hali hii ya pili. Neva zilizovurugika mara nyingine huzima badala ya kukimbia, na mtu aliyezima akiwekewa muziki wa kulaza anazama zaidi. Orodha yake hupangwa kinyume, na nitaieleza katika hatua ya 3.

Hatua ya 2: Pima mwendo wa nyimbo zako

Usianze kwa kutafuta “muziki wa tiba”. Anza na nyimbo 15 au 20 ulizonazo tayari na unazozipenda. Cheza kila moja, gonga mguu jinsi unavyogonga mwenyewe bila kufikiria, hesabu migongo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Hayo ni mapigo ya wimbo kwa dakika. Zigawe katika makundi matatu:

- Kundi A: mapigo 100 hadi 120
- Kundi B: mapigo 80 hadi 100
- Kundi C: mapigo 60 hadi 80

Wimbo mmoja unaweza kuhesabiwa 70 au 140, kutegemea unafuata ngoma ipi. Fuata mguu wako, kwa sababu ndio unaoonyesha mwili umeupokeaje. Zilizo nje ya makundi haya ziache. Singeli, kwa mfano, mara nyingi hupita 200. Ni muziki wa kuamsha uwanja mzima na unaifanya kazi hiyo vizuri, lakini hapa hauna nafasi.

Hatua ya 3: Panga orodha ya kushuka

Hapa usiharakishe. Orodha nzuri inaweza kukuhudumia kwa miezi.

Kwa aliye *juu*: nyimbo mbili za kundi A, mbili za kundi B, tatu za kundi C. Jumla iwe dakika 20 hadi 25, na sehemu ya mwisho ndiyo iwe ndefu kuliko zote. Wimbo wa kwanza uwe na nguvu, usiwe wa ugomvi. Ulingane na kasi ya mwili wako, lakini usikuchochee hasira uliyonayo.

Kwa aliye *chini*: anza na wimbo mmoja wa kundi C, kisha mbili za kundi B, na umalize kwa B au A nyepesi. Shabaha yako ni kurudi katikati, si kuchangamka kupita kiasi. Ukimaliza ukaona unaweza kuinuka na kuoga, imefanya kazi.

Kuhusu aina za muziki, nitasema ninachokijua kwa huku kwetu.

Rumba ya Kongo inafaa sana kwa sehemu ya katikati, ila ina mtego. Nyimbo nyingi huanza taratibu, waimbaji wanapokezana, halafu gitaa linabadilika na sebene linaingia. Dakika sita za kushuka zinafutika ndani ya nusu dakika, kwa sababu sebene limetengenezwa ili watu wainuke vitini. Ama ukate wimbo kabla ya sebene kwa programu ya kukata sauti, ama utafute rumba za miaka ya 1950. Zilirekodiwa kwenye santuri za dakika tatu hivi upande mmoja, kwa hiyo nyingi hazina nafasi ya kulipuka.

Taarabu nayo ichague kwa makini. Bashrafu, ule muziki wa ala tupu ambao vikundi vya Zanzibar hupiga kabla ya kuimba, ni miongoni mwa vitu bora ninavyovijua kwa kundi C: fidla, udi, qanun (ala ya nyuzi nyingi), hakuna anayekusemesha. Taarabu ya mipasho ni jambo jingine. Hata mwendo ukiwa wa pole, maneno yanakuamsha, unaanza kujiuliza anaambiwa nani, na ukiwa una ugomvi wako utajua ni wewe.

Zeze na marimba za Wagogo zinafaa, hasa zikipigwa bila waimbaji wengi. Inanga ya Burundi, ile ambayo mpigaji anaimba kwa kunong’ona, imewasaidia watu niliowapendekezea, hata wasiojua Kirundi. Labda kutojua lugha kunasaidia, maana hakuna neno la kushikilia. Kwaya ni ya kupimwa wimbo kwa wimbo. Ule unaoimbwa misibani uache, hata kama mwendo wake ni 64 kamili.

Kwa kundi C napendelea ala tupu, au lugha usiyoielewa. Besi isiwe nzito ya kutikisa kifua, na wimbo usiwe na mishtuko: ngoma inayolipuka ghafla, king’ora, makofi ya ukumbini. Sikiliza kila wimbo hadi mwisho kabla ya kuuingiza. Wengi husikiliza dakika ya kwanza tu, kisha wanashtushwa na makofi na vifijo vya rekodi ya jukwaani wakati ndiyo kwanza wamelegea.

Hatua ya 4: Andaa simu

Pakua nyimbo zote. Ukitegemea mtandao, bando litakatika au tangazo la kamari litaingia kwa sauti mara mbili ya wimbo. Tangazo moja linatosha kuharibu kazi yote. Weka simu kwenye hali ya ndege. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo, kwa sababu mpangilio ndiyo dawa yenyewe, na simu ikichanganya umebaki na nyimbo tu. Weka pia orodha isimame ikifika mwisho, isirudi mwanzo.

Igeuze simu kifudifudi, mbali kidogo na mkono.

Hatua ya 5: Pima ukubwa wa sauti

Sauti ndogo hutuliza kuliko kubwa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto, na linashauri usipite asilimia 60 ya sauti ya juu kabisa ya simu. Kwa zoezi hili shuka chini ya hapo. Kipimo rahisi: mtu aliye umbali wa mkono mmoja akikuita jina kwa sauti ya kawaida, umsikie bila kuvua hedifoni.

Kama mtaa una kelele, usipandishe sauti ili kuishinda. Badilisha saa au badilisha chumba.

Hatua ya 6: Sehemu ya kwanza, ruhusu mwili utembee

Nyimbo mbili za mwanzo usijilazimishe kutulia. Yumba, gonga kidole, tembea chumbani, fuatisha kwa midomo iliyofungwa. Kufuatisha hivyo kuna faida yake, kwa kuwa huwezi kuvumisha sauti bila kutoa pumzi ndefu. Kosa la hapa ni kukaa wima kama unapigwa picha, ukisubiri utulivu ushuke. Ukiingia sehemu ya pili, kaa au lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Anayelala kirahisi akae.

Hatua ya 7: Sehemu ya tatu, unganisha pumzi na mdundo

Ukifika nyimbo za kundi C, funika macho. Kwa wimbo wa mapigo 60, vuta pumzi kwa mapigo 4 na uitoe kwa mapigo 6. Hizo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Kwa wimbo wa mapigo 72, vuta kwa 5 na utoe kwa 7, utapata mwendo uleule. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu waliosali rozari kwa Kilatini, na waliorudia mantra ya yoga, pumzi zao zilijipanga karibu na 6 kwa dakika, na mwenendo wa moyo ukaboreka. Walio na mazoea ya rozari, na huenda ya tasbihi pia, wameshazoea kuifuatisha pumzi na kitu kinachojirudia.

Vuta kwa pua, na hewa iwe ya kawaida, si ya kujaza kifua. Ukisikia kizunguzungu au midomo kuwasha, unavuta nyingi mno. Acha kuhesabu, pumua utakavyo, endelea kusikiliza.

Pumzi ikishazoea, acha hesabu na ushike ala moja tu. Chukua uzi mmoja wa qanun unapopigwa, ufuate unavyopungua mpaka usikie unapoishia, kisha usubiri mwingine. Mawazo yatakuja: ada ya shule, ujumbe ambao hujajibu. Yaache yapite, rudi kwenye uzi. Ukirudi mara 30 katika wimbo mmoja hujashindwa, huko kurudi ndilo zoezi.

Hatua ya 8: Dakika mbili za kimya

Muziki ukiisha usiinuke. Baki hapo dakika mbili kamili bila sauti yoyote. Bernardi huyohuyo, katika utafiti wa mwaka 2006, alipima mapigo, shinikizo la damu na pumzi za watu waliokuwa wakisikiliza muziki wa aina mbalimbali, naye alikuwa ameingiza katikati kipande cha kimya cha dakika mbili. Muziki wa kasi uliwapandisha. Kimya kiliwashusha, hata chini ya walivyokuwa kabla ya muziki kuanza. Ukiruka hatua hii unatupa sehemu kubwa ya ulichokifanyia kazi. Nikilazimika kufupisha zoezi zima, nitapunguza nyimbo lakini kimya nitakiacha.

Hatua ya 9: Pima tena, andika, rudia

Hesabu mapigo, jipe alama mpya, andika na tarehe. Fanya kila siku, saa ileile, kwa orodha ileile, wiki mbili kabla ya kutoa hukumu. Siku za mwanzo mapigo yanaweza yasibadilike na alama ikashuka kwa moja tu. Mwili unajifunza kwamba wimbo huu ukianza, kinachofuata ni kupumzika, na somo hilo linataka marudio. Kwa hiyo usibadilishe orodha kila siku, na usilifanye zoezi hili ukiwa umechanganyikiwa tu. Mazoezi ya siku za kawaida ndiyo yanayokufaa siku mbaya.

Ukitaka kuitumia kwa jambo maalumu

*Usingizi.* Tumia kundi C tu, ukiwa tayari kitandani, bila hedifoni za kubana masikio. Weka muziki ujizime wenyewe. Mapitio ya majaribio ya kitabibu kwa watu wanaokosa usingizi yalionyesha usingizi wao ulikuwa bora walipokuwa wakisikiliza muziki kila siku, dakika 25 hadi 60. Usiku mmoja hauonyeshi kitu.

*Kabla ya upasuaji au kung’olewa jino.* Muulize muuguzi kama unaruhusiwa kuwa na simu na hedifoni. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio zaidi ya 70: wagonjwa waliosikiliza muziki kabla, wakati au baada ya upasuaji walikuwa na maumivu na wasiwasi mdogo zaidi, na walihitaji dawa za maumivu kidogo zaidi. Peleka orodha uliyoizoea nyumbani, usijaribu mpya siku hiyo.

*Watoto.* Mtoto mdogo hahitaji hedifoni, na mchanga asivishwe kabisa. Mwimbie. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa na Joanne Loewy na wenzake katika hospitali kadhaa za Marekani, watoto njiti walioimbiwa bembelezi zilizochaguliwa na wazazi wao mapigo yao yalitulia, na wazazi nao wakapungukiwa na wasiwasi. Chukua bembelezi yoyote unayoijua, iimbe polepole kuliko ulivyozoea, kifua chako kikiwa karibu na kichwa chake.

Mambo yakienda kombo

*Nasikiliza na moyo unazidi kwenda mbio.* Angalia mambo matatu: sauti ni kubwa, wimbo wa kwanza ni wa polepole mno kwako, au unajipima kila baada ya dakika. Ondoa vidole kifundoni mpaka mwisho. Kama si hayo, fungua macho. Wapo watu ambao kufumba macho kunawatisha. Waangalie kitu kimoja, ua, taa, mti uliopo dirishani.

*Nalia.* Ukilia na baadaye ukajisikia mwepesi, hakuna ubaya. Ukilia na picha za jambo baya zikarudi, zima, gusa kitu cha baridi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, na wimbo huo usirudi kwenye orodha.

*Nalala katikati.* Usiku hiyo ni baraka. Mchana, kaa kitini. Ukiendelea kulala kila mara, huenda huna tatizo la wasiwasi kama unavyodhani. Huna usingizi wa kutosha.

*Orodha ilifanya kazi, sasa haifanyi.* Umeizoea, au umeanza kuitumia ukiosha vyombo. Nyimbo za zoezi zisitumike kwa kazi nyingine. Badilisha mbili tu, zile za mwisho, na nyingine ziache.

*Imani yangu hainiruhusu muziki.* Njia ileile inafanya kazi kwa sauti ya mvua, mawimbi, au kasida isiyo na ala kama unaikubali. Kisomo cha Qurani si muziki na sikiweki kwenye kundi lake. Qurani yenyewe inaagiza isikilizwe kwa utulivu inaposomwa. Anayekisikiliza akae kwa adabu hiyo, na asikifanye sauti ya nyuma ya shughuli nyingine. Wengi huniambia pumzi zao zinajipanga zenyewe msomaji anaposimama kati ya aya.

*Nimeambiwa nitumie muziki wa Hz 432.* Hz ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde. Ala nyingi duniani hupangwa kwa kipimo cha Hz 440, na kushusha hadi 432 ni tofauti ndogo ambayo wasikilizaji wengi hawaitambui. Hakuna msingi thabiti wa kudai kwamba namba hiyo inatibu. Ukiupenda wimbo, usikilize. Usiulipie kwa sababu ya namba.

*Na zile rekodi za kutuliza zenye sauti mbili tofauti, moja kila sikio?* Zinahitaji hedifoni, na matokeo ya tafiti zake yanapingana. Zisikuzuie kuanza na ulichonacho.

*Kuna programu za kulipia zenye muziki uliochujwa.* Zipo. Inayojulikana zaidi imetokana na kazi ya Stephen Porges, Mmarekani, ina saa 5 za muziki uliochujwa ili masafa ya sauti ya binadamu yasikike zaidi, na hutolewa chini ya uangalizi wa mtaalamu aliyefunzwa. Nadharia iliyo nyuma yake ina wafuasi wengi na wapinzani wa kweli miongoni mwa wanasayansi. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kumaliza kwanza wiki mbili za mwongozo huu, ambazo ni bure.

*Wiki nne zimepita na sijaona tofauti.* Au silali, sili, nimeanza kufikiri kwamba ni bora nisiwepo. Hili la mwisho lisisubiri wiki nne, mwambie mtu leo na uende naye. Kuna hospitali za afya ya akili: Mirembe kule Dodoma, Kidongo Chekundu Zanzibar, Mathari Nairobi, Butabika Kampala, na hospitali nyingi za mkoa au kaunti zina kitengo cha afya ya akili. Nenda na daftari lako. Kurasa zenye tarehe, mapigo ya kabla na ya baada, na mahali panapobana zitamwonyesha mhudumu kwa dakika tano kile ambacho ungehangaika kukieleza kwa nusu saa.